Supu za Asia za kuongeza maziwa: tumebeba chungu, tumeacha mapumziko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu mapishi ya Asia ya "kuongeza maziwa" ambayo siku hizi yamejaa kwenye simu za wazazi wetu. Kuna supu ya mwani ya Korea, mchuzi wa samaki na papai bichi wa China, kuku wa mlonge wa Ufilipino na laddu za uwatu, yaani madonge matamu ya unga na samli, za Wagujarati wa India. Yanatoka kundi moja la WhatsApp kwenda jingine, mara nyingi bila vipimo, na bila neno lolote kuhusu nani hapaswi kuyala. Mengi ni chakula kizuri na sina ugomvi nayo. Kinachonisumbua ni kwamba pishi linafika peke yake, na mambo yote yaliyolizunguka huko lilikotoka yanaachwa njiani.

Huko China mzazi hukaa ndani karibu mwezi mzima. Korea ni wiki tatu za mwanzo. Malaysia wana pantang yao ya siku 44, na familia nyingi za India huhesabu arobaini kama sisi wa Pwani. Katika muda huo mzazi hafui, hapiki, hachoti maji. Kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha, na supu analetewa na mama, shangazi au mama mkwe. Mtoto yuko kifuani usiku na mchana. Sasa mchukue mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa aliyetumiwa pishi lenyewe tu. Anasimama jikoni saa tatu nzima akichemsha kongoro, na mtoto chumbani amepewa maji ya glukosi ili atulie. Supu ameipata, lakini amekosa zamu mbili za kunyonyesha, na zamu hizo ndizo zilizokuwa zimwongezee maziwa.

Maana maziwa yanatengenezwa kwa kutolewa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama unatoa prolaktini, homoni inayoliamrisha titi litengeneze maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yashuke. Titi likikaa limejaa kwa saa nyingi, lenyewe hupunguza kasi. Ndiyo sababu mtoto mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na mara kadhaa kati ya hizo ziwe usiku, wakati prolaktini iko juu zaidi. Siku ya kwanza mama hutoa mililita thelathini au zaidi kidogo tu za dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza, na hizo zinamtosha mtoto. Kati ya siku ya pili na ya nne maziwa huongezeka kwa ghafla. Kufikia mwezi mmoja, mama anayenyonyesha bila kuchanganya hutoa wastani wa mililita 750 hivi kwa siku.

Angalia basi jinsi kalenda ya supu inavyofuatana na kalenda ya mwili. Supu huanza kuletwa siku ya pili au ya tatu, na siku ya tatu au ya nne matiti yanajaa. Yeyote angesema ni supu. Pengine ina mchango wake, kwa kuwa chakula cha moto, joto la mwili na utulivu wa moyo husaidia oksitosini kufanya kazi yake. Lakini matiti yangejaa hata kwa uji mtupu, mradi mtoto ananyonya.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 41 yenye akina mama 3,005 kutoka nchi zisizopungua 17, wote wakiwa wamejifungua mimba ikiwa imetimia, na watoto wao hawakulazwa hospitali. Walipima uwatu, mlonge, ua la mgomba, shamari, tangawizi, mchanganyiko wa miti shamba na dawa za hospitali. Walichokuta ni kwamba baadhi ya vitu hivi huenda vinasaidia, ila ushahidi ni dhaifu mno kuweza kusema kipi kinasaidia na kwa kiasi gani. Kwa hiyo anayekuambia supu fulani "inaleta maziwa ndani ya saa 24" anasema asichokijua. Na anayesema vyote ni upuuzi naye amevuka mpaka.

Baada ya hayo, niseme jinsi ya kupika, maana pishi likipikwa vibaya halifai hata kwa chakula.

Nianze na la Ufilipino, kwa sababu ndilo linalotufaa kuliko yote. Wafilipino humpa mzazi tinola, yaani supu ya kuku yenye tangawizi, papai bichi na majani ya malunggay, mti ambao huku kwetu ni mlonge uleule uliopandwa kando ya nyumba nyingi kuanzia Tanga hadi Lindi. Kwa sufuria ya watu wanne, chukua kuku wa kienyeji nusu (gramu 600 hadi 700) aliyekatwa vipande na mifupa yake, tangawizi mbichi gramu 30 iliyokatwa vipande virefu vyembamba, kitunguu maji kimoja, punje nne za kitunguu saumu, papai bichi gramu 300, maji lita moja na nusu, na majani ya mlonge vikombe viwili. Kaanga tangawizi kwanza kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka inukie, kisha vitunguu, kisha kuku mpaka nyama ibadilike rangi. Mimina maji, acha yachemke, engua povu, punguza moto. Kuku wa kienyeji anataka dakika 50 hadi saa nzima, wa kizungu dakika 30 zinamtosha. Papai linaingia dakika kumi za mwisho. Wafilipino hutia mchuzi wa samaki uitwao patis. Chumvi inatosha, na haba, kwa sababu mzazi mwenye presha iliyomsumbua wakati wa ujauzito bado yuko hatarini wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Mlonge unaingia mwisho kabisa. Zima jiko, tia majani, koroga, funika dakika mbili. Wengi huukosea hapa: wanauchemsha dakika ishirini kama kisamvu, majani yanakuwa meusi na machungu, mzazi anasukuma bakuli pembeni, halafu tunasema hapendi. Kosa jingine ni kutokunyambua vizuri. Shika kijiti kwa mkono mmoja, vuta kwa vidole kutoka nchani kwenda chini ili majani yabaki mkononi, na vijiti vyote vitupwe. Havilainiki hata ukipika mchana kutwa. Ukitaka kuyahifadhi, yaanike kivulini penye upepo mpaka yavunjike mkononi, usiyaanike juani. Jua kali linaua vitamini A na kuyafanya ya manjano. Kijiko kimoja cha mezani cha unga wake kinatosha kwa bakuli la uji au mchuzi.

Kwa Ufilipino kuna majaribio kadhaa ya majani haya, mengine kwa akina mama wa watoto njiti, na matokeo yanatia moyo ingawa majaribio yenyewe ni madogo. Hata kama yasingeongeza maziwa kwa tone moja, mlonge ni mboga yenye madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A, na mzazi aliyepoteza damu anavihitaji. Lakini ninaposema mlonge nasema majani. Mizizi na magome yasiingie chunguni. Gome la mzizi lina sumu inayogusa neva, na tangu zamani huko India limehusishwa na kuharibu mimba.

Papai bichi nalo lina masharti yake. Menya, toa mbegu na utando mweupe, kata, osha mara mbili kwa maji ya chumvi ili utomvu utoke. Utomvu huo unawasha mikono, na ndio ulio na papeini, inayolainisha nyama. Kwa mzazi aliyekwisha kujifungua, papai lililopikwa halina tatizo. Mjamzito asipewe pishi hili ajiandae mapema, kwa kuwa utomvu wa papai bichi unaweza kuchochea mji wa mimba kubana. Nasema hivi kwa sababu mapishi yenyewe hayasemi, na wapo wanaoanza kuyatumia mwezi wa nane wa ujauzito wakidhani wanawahi.

Wachina wana mchuzi wa samaki, na hapa kuna siri ya jikoni inayowachanganya watu. Wanatumia samaki mdogo wa maji baridi wa jamii ya karpu. Kwetu sato au perege anafaa, na changu kwa walio pwani. Samaki wa gramu 400 husafishwa, hukaushwa kwa kitambaa mpaka asiwe na tone la maji, kisha hukaangwa kwa mafuta kidogo na vipande vya tangawizi mpaka pande zote mbili ziwe rangi ya dhahabu. Ndipo humiminiwa maji yanayochemka, lita moja na robo, na moto huachwa mkali dakika 15. Mchuzi unakuwa mweupe kama maziwa. Ukitia maji baridi, au ukiweka moto mdogo tangu mwanzo, unabaki mwepesi wa maji maji na watu wanasema pishi limeharibika. Weupe ule ni mafuta na ute wa mifupa uliopigwapigwa na moto mkali mpaka ukachanganyika na maji, basi. Haugeuki maziwa ya mama. Faida yake ni protini, maji na hamu ya kula. Tia papai bichi au tofu dakika kumi za mwisho, chuja kwa kitambaa kama samaki ana miba midogo, umpe mzazi angali moto.

Pishi la miguu ya nguruwe na karanga ni maarufu kusini mwa China na Vietnam. Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, makongoro ya ng'ombe yanashika nafasi yake bila kupunguza kitu, kwa sababu kinachotafutwa ni ute ule unaoganda supu ikipoa. Kilo moja ya makongoro yaliyochomwa na kukwanguliwa vizuri ichemshwe kwanza dakika tano, maji hayo yamwagwe, vipande vioshwe. Anza upya na maji lita tatu, tangawizi gramu 30, na karanga mbichi gramu 150 zilizolowekwa usiku kucha. Wachina huongeza kunazi zao nyekundu zilizokaushwa, saba au nane. Miguu ya nguruwe inaiva kwa saa mbili na nusu hadi tatu, ya ng'ombe saa nne, au saa moja na nusu kwenye sufuria ya presha. Chumvi mwishoni. Ikipoa, engua mafuta yaliyoganda juu, kisha pasha tena. Asiyeengua anampa mzazi bakuli la mafuta linalomletea kiungulia, na hamu ya kula inaondoka kwa siku mbili.

Karanga zichambuliwe moja moja. Yenye ukungu, iliyonyauka, yenye weusi ndani, tupa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na mama akiila sehemu yake huingia kwenye maziwa na kumfikia mtoto. Kwa karanga zetu za sokoni, hasa za msimu wa mvua, jambo hili ni zito kuliko kiungo kingine chochote cha pishi.

Wachina wenye uzoefu hawampi mzazi supu hizi nzito siku za mwanzo matiti yanapojaa na kuwa magumu. Husubiri maziwa yaanze kutiririka vizuri, na nadhani wako sahihi. Titi lililovimba linataka mtoto aliyeshika vizuri na kukamuliwa kidogo, halitaki kuongezewa mzigo. Wenzao wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, wana pishi la miguu ya nguruwe, mayai na tangawizi ndani ya siki tamu nyeusi, linalokaa wiki kadhaa likipashwa kila siku. Anayetaka kulijaribu atumie chungu cha udongo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na siki inayochemka saa nyingi inaila alumini na kuiacha ndani ya chakula.

Taiwan kuna supu ya kuku wa mafuta ya ufuta na divai ya mchele, wakati mwingine divai tupu bila maji. Hilo silishauri. Kuchemsha nusu saa hakumalizi pombe yote, pombe inayobaki inaingia kwenye maziwa, na inachelewesha maziwa kushuka mtoto anapoanza kunyonya. Majaribio ya Marekani tangu mwaka 1991 yameonyesha watoto hunyonya maziwa machache baada ya mama kunywa pombe, ingawa mama mwenyewe huhisi matiti yamejaa. Kinachomjaza hisia hiyo ni maziwa yaliyobaki bila kunyonywa. Ufuta, tangawizi na kuku vinatosha, na maji yashike nafasi ya divai.

Supu ya mwani ya Korea, miyeokguk, ndiyo ninayoiogopa zaidi ikipikwa na asiyeijua. Kwao ni chakula cha mzazi, na kila Mkorea huila siku yake ya kuzaliwa kumkumbuka mama aliyemzaa. Kwa watu wanne wanatumia gramu 20 za mwani mkavu. Zikiwa kavu zinaonekana kiganja kimoja tu. Zikilowekwa nusu saa zinavimba karibu mara kumi na kujaza bakuli kubwa, na mgeni aliyetia pakiti nzima anajikuta na sufuria inayomwagika. Mwani huoshwa mara mbili tatu, hukamuliwa, hukatwa. Nyama ya ng'ombe gramu 150 hukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta pamoja na kitunguu saumu, mwani hufuata dakika tatu nne, kisha maji lita moja na nusu na moto mdogo dakika 30 hadi 40. Ladha inatoka kwenye mchuzi wa soya, ambao una chumvi nyingi, kwa hiyo usiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Tatizo ni iodini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama anayenyonyesha apate mikrogramu 250 za iodini kwa siku. Bakuli moja la supu hii linaweza kuzidi kiasi hicho, na mama anayekula bakuli mbili tatu kila siku kwa wiki tatu anapita mbali sana. Wapishi wengine huongeza mwani mnene uitwao dasima ili supu iwe tamu, na huo ndio wenye iodini nyingi kuliko yote. Iodini ya ziada hupita kwenye maziwa, na madaktari wamekuta watoto wachanga ambao tezi yao ya thairoidi, iliyoko shingoni, ilishindwa kufanya kazi ipasavyo, mama zao wakiwa wamekula supu hii kwa wingi kila siku. Njiti ndio wanaodhurika kirahisi zaidi. Bakuli moja, mara moja au mbili kwa wiki, bila dasima, ni chakula. Mama mwenye ugonjwa wa thairoidi aiache mpaka azungumze na daktari wake. Kumbuka pia kwamba chumvi yetu ya dukani ina madini joto, yaani iodini hiyohiyo, hivyo mzazi wa kwetu haanzi kutoka sifuri.

Na tusidanganyane kwa kuuweka mwani wa Zanzibar mahali pake. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani ni wa jamii nyekundu, unaouzwa nje kwa ajili ya karagini, kitu cha kugandishia vyakula. Ukichemsha unayeyuka na kuwa ute mzito. Una kazi zake, na vyakula vyake vipo, lakini kwenye pishi hili hauingii.

Laddu za uwatu zimekuwa nasi Pwani muda mrefu kupitia Wagujarati wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na uwatu wenyewe uko katika nyumba za Waswahili, Waomani na Wayemeni tangu zamani, sambamba na uji wa pilipili manga. Kwa laddu ishirini hivi: unga wa ngano usiokobolewa gramu 250, unga wa uwatu gramu 50, samli gramu 200, sukari guru gramu 200, lozi zilizopondwa gramu 50, gundi ya kula ya mgunga gramu 50, na tangawizi kavu kijiko kimoja cha mezani. Uwatu ulowekwe usiku kucha ndani ya vijiko vitatu vya samli hiyo iliyoyeyushwa, uchungu unapungua sana. Gundi ikaangwe kidogokidogo kwenye samli mpaka ivimbe na kuwa nyeupe hadi katikati. Ile isiyoiva ndani inanata menoni na kumuumiza mlaji. Iponde. Kaanga unga wa ngano kwenye samli iliyobaki, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, bila kuacha mwiko, mpaka rangi iwe ya hudhurungi na harufu iwe ya karanga zilizokaangwa. Tia uwatu dakika tatu za mwisho tu. Uwatu ukiungua, uchungu wake hautoki tena, na utatupa kila kitu. Epua. Sukari guru iyeyushwe kando kwa kijiko kimoja cha samli. Ikilainika tu, changanya. Ukiiacha ichemke na kutoa mapovu, laddu zitakuwa mawe kufikia kesho yake. Finyanga zingali vuguvugu.

Laddu moja ya ukubwa huo ina karibu kilokalori 200. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, kwa hiyo laddu moja asubuhi na chai ya maziwa ni nyongeza ya maana kwa aliyekonda na asiyepata mlo wa kutosha. Kwa mwenye kisukari ni hesabu nyingine kabisa. Uwatu unashusha sukari mwilini, sukari guru inaipandisha, na anayetumia dawa za kisukari anaweza kupata mshuko wa ghafla akinywa maji ya uwatu matupu. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiuguse bila daktari kujua. Mwenye mzio wa karanga au dengu awe mwangalifu, kwa sababu uwatu ni wa jamii moja nazo. Mjamzito asile kwa kipimo cha dawa. Wengine wote waanze na nusu kijiko cha chai kwa siku, wakitazama tumbo lao na la mtoto, kwani gesi na kuharisha ndio malalamiko ya kawaida. Jasho na mkojo vitanuka kama sukari iliyoungua, na hata mtoto anaweza kunuka hivyo. Mwambie daktari kama mtoto anapimwa, kwa kuwa kuna ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao wenye harufu hiyohiyo.

Indonesia wana majani ya katuk, wanayoyachemsha kwenye mchuzi mwepesi, na Wabatak wa Sumatra Kaskazini wana supu ya torbangun. Hayo yakipikwa kwa kiasi cha mboga hayana neno. Lakini katikati ya miaka ya 1990 watu wa Taiwan walianza kusaga katuk mbichi na kunywa juisi yake kila siku ili wapungue unene, na wengi waliharibika mapafu, wengine kwa namna isiyotibika. Jani ni lilelile. Kilichobadilika ni kuliacha bichi, kulisaga, na kunywa kiasi ambacho hakuna mtu angekila kwenye sahani. Nawaomba wanaosaga majani mabichi ya kila aina kwenye blenda na kumnywesha mzazi glasi kubwa kila asubuhi walifikirie hilo.

Kabla ya chungu chochote kupanda jikoni, mtu ajiulize kama maziwa kweli ni machache. Matiti kulainika baada ya wiki chache si kukauka, ni mwili umezoea. Mtoto kulia jioni na kutaka kunyonya mfululizo ni kawaida, hasa karibu na wiki ya tatu na ya sita. Kukamua na kupata kidogo hakupimi kitu, maana mtoto anavuta vizuri kuliko mkono. Kipimo ni hiki: kuanzia siku ya tano mtoto akojoe mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe mweupe, kinyesi kiwe kimegeuka cha manjano, na kufikia wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Asipofikia hapo, tatizo ni la kweli na supu isitumike kulichelewesha.

Mara nyingi sababu ni mshiko. Mtoto ameshika chuchu peke yake, mama ana maumivu na michubuko, na mashavu ya mtoto yanabonyea ndani. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi chini ya chuchu iwe ndani ya mdomo. Sababu nyingine ni maji, glukosi na maziwa ya kopo yanayojaza tumbo, au mtoto anayelala saa tano na nyumba nzima inafurahi kwamba ametulia. Zipo pia za hospitali: kipande cha kondo la nyuma kilichobaki, kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua, ugonjwa wa thairoidi, upasuaji wa matiti, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vilivyoanzwa mapema, na dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Hakuna kongoro linaloondoa kipande cha kondo.

Mama ambaye maziwa yake yamepungua kwa sababu ya zamu zilizorukwa anaweza kuyarudisha. Amweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, anyonyeshe titi zote mbili kila baada ya saa mbili mchana na angalau mara mbili usiku, kisha akamue kwa mkono dakika kumi kila baada ya kunyonyesha. Kidole gumba juu na vidole chini, sentimita tatu hivi nyuma ya chuchu, asukume kuelekea kifuani kwanza, ndipo abane, aachie, arudie. Asiteleze vidole juu ya ngozi. Mabadiliko huanza kuonekana ndani ya siku chache. Na anywe maji kufuata kiu yake. Kujilazimisha lita tano za supu hakuongezi maziwa, kunamwamsha tu kwenda chooni usiku.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina ombi kwako na kwa wanaoandaa kurasa za mapishi na afya. Mnapochapisha pishi la mzazi kutoka nchi yoyote, wekeni gramu, wekeni nani asile, na andikeni juu kabisa kwamba mpishi awe mtu mwingine. Wanaume wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuchemsha makongoro. Mama mkwe anaweza kunyambua mlonge. Na anayeshika sufuria asimtoe mtoto kifuani kwa mama ili mama aje kuonja chumvi, amletee kijiko kitandani.

Wako katika ujenzi wa afya ya mama na mtoto,

Mkunga na mshauri wa unyonyeshaji,
Tanga.